Atiman House pale Posta: huyu daktari alichagua, au alichaguliwa?

#1 Mama Kulwa
Salaam wadau. Nina mtoto wa darasa la sita, yuko likizo, na nimechoka kumwona ameinamia simu. Jumamosi nikamwambia vaa raba, leo tunatembea mjini kwa miguu kama watalii. Tulianzia Feri tukala samaki wa kukaanga, tukafuata Kivukoni, tukapiga picha kwenye lile kanisa jeupe la Kikatoliki lenye vigae vyekundu, tukapita lile la kijivu linalotazamana na boti za Zanzibar, tukamalizia Boma la Kale. Gharama zote ni nauli ya daladala, samaki na maji mawili. Mzazi mwenye mtoto nyumbani ajaribu.

Sasa karibu na hapo, Barabara ya Sokoine, kuna nyumba ya zamani ya ghorofa inaitwa Atiman House. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akatuambia ni nyumba ya Sultani Majid, alimjengea mmoja wa wake zake. Mwanangu akauliza, "Kwa hiyo Atiman ndiye mke?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema hapana, Atiman alikuwa daktari wa mapadri, na kabla ya hapo alikuwa mtumwa.

Usiku nikaanza kusoma, na usingizi ukakata. Mtoto ananunuliwa, anasomeshwa kwa pesa ya aliyemnunua, anachaguliwa kazi, anachaguliwa na nchi ya kwenda kuifanyia. Maswali mawili kwa wajuzi:
Kwanza, mtu kama huyo tunaweza kusema alichagua udaktari?
Pili, mapadri ndio waliomlea. Kwa nini hawakumfanya padri, wakamfanya daktari?

#2 Kitunguu Maji
Nimekaa siti ya mbele. Ila mama, hilo kanisa jeupe lenye vigae vyekundu ni Azania Front, la Walutheri. Katoliki ni hilo la kijivu, Mtakatifu Yosefu. KKKT wakiuona uzi huu watakuletea ankara ya picha.

#3 Mama Kulwa
Nisameheni. Mimi mwenyewe Mwislamu, kwangu yote yana msalaba juu.

#4 Mfipa wa Ziwani
Uzi wa kwetu huu, ngoja nikae vizuri.

Adrian Atiman kwao ni Tindirma, kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu, Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Jangwa la Sahara, na huko Algeria Mapadre Weupe wakamkomboa. Wakampeleka kisiwa cha Malta, ambako Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alifungua chuo mwaka 1881 cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika utabibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akatumwa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, siku hizi ni Mkoa wa Katavi. Akaoa hukohuko, akatibu watu hukohuko, akafa hukohuko mwaka 1956. Alifika Mjerumani akiwa ndiyo kwanza anagombania pwani, akamwona anatawala, akamwona anafukuzwa, akaingia Mwingereza, na yeye bado yupo na mkoba wake wa dawa. Akafa imebaki miaka mitano tupate uhuru.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Karema. Alikuwa na kovu chini ya goti la kushoto, refu kama kidole gumba, jembamba, limenyooka kama limepigwa rula. Jipu lilipasuliwa na Atiman mwenyewe, tayari mzee kikongwe. Bibi alikuwa akitukasirikia anatuonyesha lile kovu: "Huyu alikuwa mzee na mkono hautetemeki, nyie vijana mnamwaga maji ndooni."

#5 Fundi Saa
Swali la pili jibu lake jepesi mno. Useja. Wazungu wa enzi zile hawakuamini kuwa Mwafrika anaweza kukaa bila mke. Udaktari ulikuwa zawadi ya kufutia machozi.

#6 Mfipa wa Ziwani
Fundi, rudi. Mtoto wake Atiman mwenyewe, Joseph, alikuwa padri. Mapadre walewale. Sasa useja wa mtoto uliaminika vipi na wa baba ukakataliwa?

#7 Fundi Saa
Vizazi viwili tofauti mkuu. Miaka ya 1880 siyo ya baadaye. Hujavunja hoja, umeikwaruza tu.

#8 Kalamu Nyekundu
Nakubaliana nusu na Fundi kuhusu miaka, sikubaliani naye kuhusu sababu. Kwenye maeneo ya Mapadre Weupe mapadri wazalendo wa kwanza Uganda walipadrishwa 1913, na wa kwanza wa nchi yetu ni wale wanne wa Rubya, Bukoba, mwaka 1917. Atiman wakati huo tayari yuko Karema karibu miaka thelathini. Yaani hata angetaka upadri miaka ya 1880, njia ilikuwa bado haijachongwa.

Lakini Lavigerie alikuwa na hesabu nyingine, na hakuificha. Hoja yake ilikuwa kwamba padri mgeni anaweza kukataliwa kijijini, ila mwenye dawa hafukuzwi. Pia alitaka hao vijana wabaki Waafrika kwa chakula, malazi na mavazi, waoe, wazae, waote mizizi. Mzungu alikuwa ghali kumtunza na alikuwa anakufa haraka. Nenda makaburi ya mapadri Bagamoyo usome mawe, uone umri wa wengi waliozikwa pale. Wengine hata ndevu hazijakomaa.

Kwa hiyo useja umo, ila mimi naupa nafasi ya tatu.

#9 Dogo Janja wa Tandika
Kwa lugha nyingine dawa ilikuwa chambo. Unamponya jipu, unamkabidhi rozari.

#10 Mfipa wa Ziwani
Bibi yangu jipu lilipona na rozari alikuwa nayo tangu kuzaliwa. Chambo cha nini kwa samaki aliye ndani ya ndoo?

#11 Dogo Janja wa Tandika
Na kabla ya bibi? Na wale ambao hawakuwa ndani ya ndoo?

#12 Mwanasheria Pori
Mnakimbilia swali la pili kwa sababu la kwanza linauma. Turudi. Mama Kulwa ameandika "kununuliwa", Mfipa ameandika "kukombolewa". Tendo ni moja: pesa imetoka mfuko huu imeingia mfuko ule na mtoto amebadilisha mikono. Hata Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni mwaka 1868 walikomboa watumwa wakawaweka Kijiji cha Uhuru. Neno zuri sana. Lakini mle ndani kulikuwa na ratiba ya sala na ratiba ya shamba, na mtoto wa miaka minane hana pengine pa kwenda. Ridhaa bila njia ya pili ni ridhaa ya namna gani?

Na kuna waliosema tangu wakati ule kwamba kununua ili kuachia huru kunamnenepesha muuzaji.

#13 Mzee Kobe
Mwanasheria, unahukumu karne ya kumi na tisa ukiwa umekaa kwenye feni. Mbadala wake ulikuwa nini? Wapite sokoni wamwache?

#14 Mwanasheria Pori
Sijasema wamwache. Nimesema baada ya kumtoa sokoni, deni lake liishe palepale. Ukimkomboa mtu kisha ukampangia maisha yote, umemhamisha tu.

#15 Kalamu Nyekundu
Kwa haki ya marehemu, yeye mwenyewe aliacha maelezo ya maisha yake, yalichapishwa kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Siyo kwamba watu wamemsemea tu. Na alikaa Karema hadi kufa wakati tayari alikuwa mtu mzima mwenye familia na heshima, hakuna aliyemfunga kamba.

#16 Mama Kulwa
Lakini angeenda wapi, Kalamu? Tindirma? Kwa njia gani, na nani angemtambua? Mimi hiyo ndiyo iliyonikatia usingizi. Mtu amezaliwa jangwa linapoanzia, anazikwa Ziwa Tanganyika.

#17 Kitunguu Maji
Uzi umekuwa mzito. Nani anajua kama Boma la Kale lina choo?

#18 Msafiri wa Eldoret
Hamjambo majirani. Mimi nilikuja Dar mwaka juzi, mwenyeji wangu akanipeleka ufukweni mbele ya Hospitali ya Ocean Road. Akaniambia ndani ya jengo lile Robert Koch, yule daktari Mjerumani, aligundua malaria. Ni kweli?

#19 Kalamu Nyekundu
Mwenyeji wako alikupa chai, tena ya rangi. Vimelea vya malaria aliviona Mfaransa Laveran mwaka 1880, na aliviona Algeria, enzi hizohizo ambazo Lavigerie alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers. Habari ya mbu ni Ronald Ross, India, 1897. Koch alikuwepo Dar kweli miaka hiyo ya 1897 na 1898, akichunguza malaria na magonjwa mengine, na Ocean Road ilifunguliwa 1897. Kuwepo siyo kugundua.

#20 Nesi Mstaafu
Niongeze hapo. Ocean Road ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikuwa na hospitali yao, na pesa alitoa Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, Mwislamu wa Kihindi. Alifariki mwaka 1897. Pale Muhimbili kuna jengo la Sewahaji mpaka leo, watu wanalala humo na kutoka, muulize mgonjwa Sewahaji ni nani atakwambia ni wodi.

#21 Mwanasheria Pori
Asante kwa kumleta Koch maana nilikuwa namtafuta. Mwaka 1906 na 1907, tayari ana Nobel mkononi, alikwenda visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, kulikokuwa na malale. Akawa anawachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye arseniki. Walionekana kupata nafuu, kisha ugonjwa unarudi, naye akapandisha dozi. Baadhi wakapofuka. Kabisa. Mtu kaja anasinzia sinzia kwa malale, anarudi kwao anashikwa mkono.

Aliwauliza? Kwa lugha gani? Na hakwenda kuzijaribu dozi zile Berlin. Hapo ndipo ninapompima Atiman na bosi wake Lavigerie tofauti kidogo, nakiri. Atiman alikaa na wagonjwa wake karibu miaka sabini. Ukikosea dozi, unakutana na familia kisimani.

#22 Mzee Kobe
Leo umesema kitu, Mwanasheria. Nimeweka tarehe ukutani.

#23 Karani wa Utafiti
Mimi nimefanya kazi ya kusoma fomu za ridhaa vijijini kwa miradi ya utafiti wa dawa, miaka minne. Siwataji. Fomu inapita kwenye kamati za maadili za kitaifa, inarudi ina mihuri yote, kurasa tisa za Kiswahili cha ofisini. Kuna sentensi inasema mshiriki atapangwa kundi "kwa bahati nasibu". Mama mmoja akaniuliza, "Na nikishinda napewa nini?" Nikamweleza upya. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia basi niambie wewe kwa maneno yako. Akasema, "Nikikubali mtoto wangu atapimwa bure." Hicho ndicho alichokisikia kwenye kurasa tisa. Na kwake kilikuwa sababu tosha, zahanati iko kilomita kumi na nne.

Akaweka dole gumba. Wino ukaenea mpaka kwenye mstari wa shahidi. Je, huyo aliridhia? Mimi niliandika "Ndiyo".

#24 Dogo Janja wa Tandika
Ndiyo maana watu wanasema mumiani. Bibi yangu hakutaka tukatize karibu na magari ya zimamoto usiku, eti wanakamata watu wanawatoa damu, inatengenezwa dawa. Tulicheka. Lakini ukifikiria, watu walikuwa wameshaona sindano zinaingia na damu inatoka, hakuna aliyewaeleza inakwenda wapi.

#25 Fundi Saa
Mumiani ni ya zamani kuliko sindano, ila endelea tu, inanoga.

#26 Msafiri wa Eldoret
Hapa kwetu mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walipinga chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Walidai imetiwa homoni ya kuzuia mimba. WHO na UNICEF wakakanusha, serikali pia, na mvutano ukawa mrefu. Mama watoto alikuwa ashadungwa kabla ya tangazo kusomwa misani. Jumapili ile alilia njia nzima mpaka nyumbani.

Tumepata wawili baada ya hapo. Wa mwisho anavunja viti.

#27 Kitunguu Maji
Ushahidi wa viti nimeupokea.

#28 Nesi Mstaafu
Nimesoma yote tangu jana, nikaandika nikafuta. Naandika tena.

Nilifanya kazi hospitali ya misheni miaka ya themanini, sitaitaja wala mkoa. Nilikuwa binti, nimetoka chuo juzi. Sista aliyekuwa kiongozi wa wodi alitufundisha ubatizo wa dharura siku ileile aliyotufundisha kunyonya makamasi ya mtoto mchanga. Maji kidogo kichwani, mara tatu, maneno machache. Alisema mtoto asiondoke hivihivi.

Usiku mmoja akazaliwa njiti. Mzani ulisoma kilo moja na robo. Mama yake alikuwa na hijabu, analia kimyakimya, wamempeleka kushonwa. Nilichukua ile chupa ya maji yaliyochemshwa tuliyotumia kuoshea vikombe vya kulishia, nikalowesha pamba, nikaikamua kwenye utosi. Nilifanya haraka kama mtu anayeiba. Jina nilimpa la kwangu mwenyewe maana sikuwa na lingine kichwani.

Sikumwambia mama yake. Sikuandika kwenye faili, niliandika kwenye daftari la sista.

#29 Mwanasheria Pori
Nesi, nakuheshimu. Lakini hilo lilikuwa kosa. Mgonjwa wako alikuwa na mzazi chumba cha pili.

#30 Katekista Mtaani
Kabla hamjampiga mawe, mjue Kanisa linafundisha nini. Wakati wa hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, ilimradi awe na nia ya kutenda kama Kanisa linavyotenda. Nesi alifanya kwa huruma.

#31 Kitunguu Maji
Hata asiye Mkristo? Kwa hiyo Mama Kulwa anaweza kunibatiza?

#32 Mama Kulwa
Wewe utaomba maji ya baridi.

#33 Kalamu Nyekundu
Katekista amesema kweli lakini kaacha kipande kinachouma. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 868, zinasema mtoto aliye katika hatari ya kifo anabatizwa kihalali hata wazazi wasipotaka, wawe Wakatoliki au la. Hata wasipotaka. Imeandikwa.

Na historia yake siyo ya kuchekea. Bologna, Italia, mwaka 1858: mtoto wa Kiyahudi, Edgardo Mortara, miaka sita. Mtumishi wa ndani alikuwa amembatiza kwa siri alipougua akiwa mchanga. Habari ikawafikia wakubwa, polisi wa dola ya Papa wakaja usiku wakamchukua kwa wazazi wake, kwa kuwa sheria yao haikuruhusu mtoto Mkristo alelewe na Wayahudi. Wazazi walihangaika, magazeti ya Ulaya na Marekani yakapiga kelele, Papa Pius wa Tisa akakataa kumrudisha. Yule mtoto alikua akawa padri. Alipoulizwa ukubwani alisema ameridhika.

Sasa mpeni jibu Mama Kulwa kuhusu Atiman. Mtu akisema ameridhika baada ya kulelewa ili aridhike, tunafanyaje na neno lake?

#34 Mzee Kobe
Tunaliheshimu. Tutafanyaje kingine? Tumwambie hajui anachosema?

#35 Fundi Saa
Kwa kipimo hicho hakuna mtu aliyewahi kuchagua chochote, wote tumelelewa na watu. Mimi fundi saa kwa sababu baba alikuwa fundi saa. Sijawahi kuulizwa. Nashukuru, ingawa saa siku hizi wanavaa wazee na wezi.

#36 Mwanasheria Pori
Baba yako hakukununua.

#37 Fundi Saa
Hujamjua baba yangu.

#38 Dada wa Mabatini
Nauliza ya leo, maana mmekaa sana kaburini. Mwaka jana nilikwenda hospitali moja ya dini kuweka kijiti cha kuzuia mimba. Muuguzi akasema hapa hatutoi. Sawa, imani yao, nimeelewa. Nikauliza basi wapi wanatoa, akasema hilo nalo hawezi kunijibu. Nilizunguka na mtoto mgongoni nusu siku. Wao kukataa kutoa ni haki yao, ila kukataa hata kunionyesha barabara?

#39 Katekista Mtaani
Dada pole. Msimamo wa Kanisa uko wazi tangu waraka wa Papa Paulo wa Sita, mwaka 1968, na anayekuelekeza huonekana naye ameshiriki. Ila kukuacha uzunguke juani, hilo mimi binafsi silitetei.

#40 Nesi Mstaafu
Sisi tulikuwa na njia yetu. Hatusemi kitu, tunaangalia dirishani upande ilipo zahanati ya serikali, tunaangalia kwa muda mrefu kidogo. Mwenye akili anaelewa.

#41 Karani wa Utafiti
Hiyo iingie kwenye mtaala.

#42 Mama Kulwa
Nilifungua uzi kwa sababu ya nyumba. Sasa niseme kilichonifanya nisome usiku.

Jina langu humu ni Mama Kulwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza Doto yuko wapi. Doto alikaa siku mbili. Nilijifungulia hospitali ya misheni maana ndiyo iliyokuwa karibu, na sina malalamiko nao hata kidogo. Walimkumbatia yule mtoto usiku kucha kwa zamu, mimi nikiwa sijiwezi. Asubuhi wakaniletea amefungwa vizuri, baba yake akachukua akaenda kumzika kwa taratibu zetu.

Nilipoisoma posti namba 28 nilisimama nikaenda kunywa maji. Nesi, sikulaumu. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Kama nao walifanya hivyo, wangeniambia?

#43 Dogo Janja wa Tandika
Pole sana mama. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

#44 Msafiri wa Eldoret
Pole dada.

#45 Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Wa enzi zangu wasingekuambia. Wa enzi zako sijui, mafunzo yamebadilika, siku hizi wengi wanamuuliza mzazi kwanza.

Wangu aliishi. Miezi saba baadaye nilikuwa zamu ya kliniki ya kupima uzito, mama yake akaja naye, mtoto kanenepa mikono ina vikunjo. Nilimtundika mwenyewe kwenye mzani, kile kikaptura cha kupimia kilimbana mapajani. Mama akanisalimia kwa furaha, akaniambia jina lake. Zuri. Nikaliandika kwenye kadi.

#46 Mwanasheria Pori
Na hukusema?

#47 Nesi Mstaafu
Foleni ilikuwa ndefu.

#48 Mzee Kobe
Mwanasheria, hapo usimsumbue.

#49 Mfipa wa Ziwani
Mama Kulwa pole. Kwa swali lako la mwanzo, nimempigia mama yangu Sumbawanga. Nilimuuliza kama bibi aliwahi kusema Atiman alizungumzia kwao. Mama anasema bibi hakulipenda swali hilo, alikuwa anajibu, "Kwao ni hapa." Sasa sijui ni yeye Atiman aliyesema, au ni watu wa Karema walioamua kwa niaba yake.

#50 Kalamu Nyekundu
Au vyote viwili.

Kwa atakayefuata njia ya Mama Kulwa: msiishie Sokoine. Pandeni gari hadi Bagamoyo, pale misheni. Mnara wa kanisa la zamani upo, ndimo mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874 kabla haujasafirishwa, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Kuna makumbusho, kuna yale makaburi niliyoyasema. Na kuna mbuyu. Mama Chevalier, Mfaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa Zanzibar kabla ya kuhamia misheni, alikuwa akimfunga punda wake kwenye mbuyu huo kwa mnyororo. Mnyororo ukasahauliwa, mti ukaumeza. Kimebaki kipande kidogo kimechomoza kwenye gome.

#51 Fundi Saa
Ukizunguka ule mbuyu unaongezewa miaka ya kuishi. Mimi nimezunguka mara tatu.

#52 Kitunguu Maji
Ndiyo maana tunakuvumilia.

#53 Dada wa Mabatini
Kiingilio watoto wanalipa? Na gari linatoka wapi, Makumbusho au Mbezi?

#54 Mfipa wa Ziwani
Kituo cha Makumbusho yapo magari ya Bagamoyo. Bei kaulize palepale, zinabadilika.

#55 Mama Kulwa
Asanteni wote, Nesi zaidi. Kulwa nimemsomea habari ya mnyororo tu, mengine bado. Ameuliza kama wakivuta kwa nguvu utatoka. Jumapili tunakwenda.

#56 Kitunguu Maji
Bebeni maji na kofia. Na kanisa la kule ni Katoliki kweli, nimeuliza watu watatu.